Jinsi ya Kutofautisha Tungamo na Uzito kwa Mkokoteni, Mizani na Lifti

Anayeingia katika bucha mtaani Kariobangi na kuagiza nusu kilo ya nyama haagizi uzito, ijapokuwa yeye, mwenye bucha na wote waliopanga foleni nyuma yake wangeapa kwamba ndio anaouagiza. Anachotaka ni kiasi fulani cha nyama, na kiasi hicho, ambacho wanafizikia hukiita tungamo na vitabu vingine hukiita masi, kingebaki kilekile hata kama nyama hiyo ingepelekwa mwezini. Uzito ni jambo jingine: ni kani, yaani nguvu, ambayo kwayo dunia huivuta nyama hiyo kuelekea chini. Tungamo hupimwa kwa kilogramu. Uzito, kwa kuwa ni kani, hupimwa kwa nyutoni. Kiswahili cha kila siku kimeyabeba mambo haya mawili katika neno moja, wala sokoni hilo halimdhuru mtu. Matatizo huanza darasani, mwanafunzi anapoulizwa uzito wa jiwe la kilo 5 akajibu bila kusita kwamba ni kilo 5.

Mzazi au mwalimu anayetaka kumtoa mwanafunzi katika mkanganyiko huo asianze na fomula, kwa sababu fomula ikitangulia hukaririwa leo na kusahaulika kesho. Hata ile sentensi maarufu isemayo kwamba tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, ingawa si ya uongo, haimsaidii mtoto kuhisi chochote. Ni afadhali kuanza na mkokoteni.

Nendeni soko la Marikiti, Nairobi, alfajiri mkamtazame mwenye mkokoteni aliyepakia magunia ya viazi, naye yuko kwenye lami iliyo tambarare. Mzigo umepangwa ukalingana juu ya ekseli, kwa hiyo uzito wake karibu wote umebebwa na magurudumu na barabara. Mwenye mkokoteni hainui kitu. Hata hivyo, ili uanze kwenda, hana budi kuinama, kukaza misuli ya miguu na kusukuma kwa nguvu zake zote, na ukishashika mwendo anaweza kuuendesha huku akipiga soga. Sasa mngoje afike penye matatu iliyosimama ghafla mbele yake: kazi ya kuusimamisha ni kubwa kama ile ya kuuanzisha, ndiyo maana mikokoteni mingi ya Nairobi imefungwa kipande cha tairi nyuma, ambacho mwenyewe hukikandamiza barabarani kama breki. Msuguano una sehemu yake katika ugumu wa kusukuma, jambo ambalo mwanafunzi mwerevu atalitaja, na anastahili kukubaliwa. Lakini hata msuguano wote ungeondolewa, bado mkokoteni uliojaa ungekataa kubadilishiwa mwendo kuliko mkokoteni mtupu. Ukaidi huo, ambao kwa lugha ya fizikia huitwa inesha, ndio tungamo linavyojidhihirisha, na hauhusiani na kuvutwa chini.

Hapo muulize mwanafunzi swali hili kabla ya kuendelea: lau mkokoteni uo huo ungekuwa mwezini, kwenye sakafu laini isiyo na msuguano, je, kuuanzisha kungekuwa rahisi zaidi? Wengi hujibu ndiyo, kwa kuwa wamesikia kwamba mwezini vitu ni vyepesi. Kuinua gunia kungekuwa rahisi, tena mara 6 hivi. Kuusukuma mkokoteni hadi ufikie mwendo uleule kwa muda uleule kungedai nguvu ileile iliyohitajika hapa Nairobi. Mwanafunzi akilielewa jibu hilo na kuweza kulieleza kwa maneno yake mwenyewe, amekwisha kuvuka sehemu ngumu ya somo hili. Akishindwa, msiharakishe kwenda mbele.

Hatua inayofuata ni mizani, na hapa kanuni ni moja: kabla ya kusoma namba, uliza chombo hiki kinalinganisha nini na nini. Mizani ya mawe, yenye sahani mbili na mhimili, hulinganisha nyama iliyo upande mmoja na vyuma vilivyo upande wa pili. Dunia huvuta pande zote mbili, na mvuto ukipungua hupungua kote, kwa hiyo mhimili hukaa sawa pale pale. Mizani hiyo hutoa tungamo, iwe Nairobi, Mombasa au mwezini. Mizani ya springi haina cha kulinganisha isipokuwa mnyooko wa springi yake, na kinachoinyoosha springi ni kani. Hiyo basi hupima uzito, ingawa aliyeitengeneza ameandika kilo usoni mwake baada ya kukokotoa kwa niaba yetu, akidhani kwamba hatutaihamisha mbali. Mizani ya kielektroniki inayotumika katika maduka makubwa iko katika kundi hilihili la pili, maana ndani yake mna kipande cha chuma kinachopindika kidogo sana kikikandamizwa, na kinachosomwa ni mpindiko huo. Ndiyo sababu mizani sahihi ya aina hiyo husawazishwa mahali itakapotumiwa, kwa kupimia vyuma ambavyo tungamo lake linajulikana.

Sasa fomula inaweza kuja. Uzito ni tungamo likizidishwa kwa nguvu ya mvuto ya mahali kitu kilipo, ambayo karibu na uso wa dunia ni takribani nyutoni 9.8 kwa kila kilo moja. Mtoto mwenye tungamo la kilo 40 ana uzito wa nyutoni 392. Katika mitihani yetu ya shule mara nyingi huruhusiwa kutumia 10 badala ya 9.8, na jibu likawa 400. Hilo ni la kurahisisha hesabu tu, na ni vyema mwanafunzi ajue hivyo asije akadhani kwamba mvuto umebadilishwa na watahini. Mwezini, ambako kila kilo huvutwa kwa nyutoni 1.62, mtoto huyo angekuwa na uzito wa nyutoni 65 hivi. Mizani ya bafuni iliyotoka Nairobi ingemwonyesha kilo 6 na nusu, na ingekuwa inamdanganya, kwa sababu angali na kilo zake 40 kamili.

Si lazima kwenda mwezini ili mvuto ubadilike. Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa, Jean Richer, alifika Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, akakuta kwamba saa yake ya pendulamu, yaani saa inayoendeshwa kwa kitu kinachoning'inia na kuyumba, iliyokuwa imerekebishwa Paris, ilikuwa ikichelewa dakika 2 na nusu hivi kila siku. Pendulamu huyumbishwa na mvuto, na mvuto kwenye ikweta ni dhaifu kuliko karibu na ncha za dunia: nyutoni 9.78 kwa kila kilo dhidi ya 9.83. Dunia imetuna katikati, kwa hiyo aliye ikweta yuko mbali zaidi na kiini chake, na mzunguko wa dunia nao hupunguza kidogo kile ambacho mizani husoma. Nairobi imepunguziwa mara mbili, kwa kuwa iko karibu na ikweta na pia imeinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Gunia la mahindi la kilo 90 lililopimwa Mombasa kwa mizani ya springi iliyo sahihi kabisa, kisha likapandishwa hadi Nairobi pamoja na mizani hiyohiyo, lingeonyesha upungufu wa takribani gramu 45 bila punje moja kuibwa. (Upungufu wa kilo 2 njiani una maelezo mengine, nayo hayamo katika fizikia.)

Kwa jaribio linaloweza kufanywa alasiri moja, chukueni mizani ya bafuni yenye mshale mkaiweke ndani ya lifti ya jengo refu lolote katikati ya jiji, kwa ruhusa ya walinzi. Mtu wa kilo 60 akiisimamia huku lifti ikianza kupanda na kuongeza mwendo kwa kiasi cha mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde, mshale utaruka hadi karibu kilo 66. Mwendo ukitulia, utarudi 60 hata kama lifti bado inapanda. Na lifti ikipunguza mwendo vivyo hivyo ikaribiapo ghorofa ya juu, utashuka hadi 54 hivi. Dunia haikubadilisha mvuto wake hata kidogo, na mtu hakunenepa wala kukonda. Kilichobadilika ni nguvu ambayo sakafu ilihitaji kumsukumia juu, nayo ndiyo mizani isomayo siku zote, awe ndani ya lifti au jikoni kwake. Mizani ya mawe ingewekwa ndani ya lifti hiyo, isingetikisika.

Jaribio hilo ndilo linalofungua fumbo la vitu vielevyo angani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ya Marekani iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 550 hivi. Tungamo lake lilikuwa karibu kilo 140. Watu wengi hudhani kwamba huko juu haikuwa na uzito, ilhali kwenye kimo hicho dunia bado huvuta kwa karibu asilimia 85 ya nguvu yake ya huku chini, na uzito wa setilaiti ulikuwa umeshuka kutoka nyutoni 1,370 hadi 1,160 tu. Ingewekewa mizani chini yake ingesoma sifuri, kwa sababu setilaiti na mizani zingekuwa zikianguka pamoja kuizunguka dunia, kama lifti iliyokatika kamba.

Wanaanga wanaokaa miezi mingi katika hali hiyo huhitaji kujua kama wamekonda, na mizani ya springi ya kukanyaga haiwasaidii, wala ya mawe. Hurudi kwenye hekima ya mwenye mkokoteni: hujifunga kwenye kifaa chenye springi kinachowapeleka mbele na nyuma, kisha muda wa mpito mmoja hupimwa. Mwenye tungamo kubwa huenda taratibu na mwenye tungamo dogo huenda upesi. Nyumbani inatosha kubana ncha moja ya msumeno mwembamba wa kukatia chuma kwenye ukingo wa meza, ubapa wake ukiwa wima, na kubandika donge la udongo wa mfinyanzi kwenye ncha ya pili, kisha kuuchezesha kushoto na kulia huku mkihesabu mipito 20 kwa saa ya simu. Mkiongeza udongo na kurudia, muda utakuwa mrefu zaidi.