Kuingia Hori la Mida kwa Mashua: Anza na Maji, Tiketi Baadaye

Wengi wetu wakazi wa Nairobi hupanga safari ya pwani kwa kutazama siku za likizo na nafasi katika treni, lakini anayetaka kuwaona ndege wa Hori la Mida, mkono wa bahari karibu na Watamu, anapaswa kwanza kuuliza habari za maji. Mimi niliwahi kukata tiketi kabla ya kuuliza, nikafika na kukuta mashua imelala ubavu matopeni, na ndege wametawanyika mbali kama punje za mchele.

Maji hujaa na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takribani dakika 50. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hivyo hata kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani itakufaa: tazama siku 2 au 3 zinazofuata tarehe mosi na tarehe 15. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa sana mnamo saa nne au tano asubuhi, kisha hujaa mnamo saa kumi au kumi na moja jioni. Ondoka ufukweni muda wa saa mbili au tatu kabla ya maji kujaa, kwa sababu ndege waliokuwa wakila matopeni husukumwa na maji yanayopanda, wakakusanyika kwenye mafungu machache ya mchanga yaliyosalia, huku mashua ikipata kina cha kuelea. Wakati wa maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo tu, msongamano huo hauonekani vizuri.

Miezi mizuri ni Oktoba hadi Machi, ndege wahamaji wanapokuwa wamefika kutoka kaskazini. Ukishuka treni Mombasa, panda matatu ya Malindi. Hori limo katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968, kwa hiyo lipa ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mapema.

Kubaliana na nahodha kabla ya kung'oa nanga: injini izimwe mbali na fungu la mchanga, na mwendo uliobaki uwe wa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Kaeni upande ambao jua litakuwa mgongoni mwenu. Ndege wakiacha kula na kuinua vichwa kwa pamoja, mmekaribia kupita kiasi. Rudini nyuma polepole, kwani kila wanaporuka hupoteza nguvu wanazohitaji kwa safari ndefu ya kurudi.

Elekeza darubini kwa ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi. Huyo ni mla kaa. Hukimbia hatua chache, husimama ghafla kama aliyesahau jambo, kisha hudunga tope na kuibuka na kaa. Ajabu yake nyingine haionekani Mida: huzaliana kwenye fukwe za Uarabuni na pembe ya Afrika, akitaga ndani ya shimo alilolichimba mchangani. Kwenye mizizi ya mikoko mtafute mdiria, na juu ya miti furukombe. Kasa nao huibua vichwa majini, ingawa kwa muda mfupi tu.

Geuzeni mashua mara maji yanapoanza kupwa, kwa maana vijito vilivyo katikati ya mikoko hukauka kabla ya mkondo mkubwa.