Namna ya Kuzalisha na Kulea Mbwa wa Ulinzi Asiyeng'ata Ovyo

Miaka michache iliyopita nilikwenda kutazama watoto wa mbwa nje kidogo ya Kampala, upande wa Bweyogerere, kwa mtu aliyekuwa akizalisha German Shepherd nyuma ya nyumba yake. Jike alikuwa amefungwa kwa mnyororo mfupi kando ya tangi la maji. Tulipomkaribia alijirusha mbele, akabweka mpaka povu likamtoka, kisha akarudi nyuma na kujibana ukutani, mkia ameufyata. "Unaona, mzee? Huyu ni mkali kweli, hata mimi mwenyewe namwogopa," muuzaji akaniambia kwa fahari, akiamini kwamba ametaja sifa ya kupandisha bei. Mimi niliona mnyama aliyejaa woga, na watoto wake sita, waliokuwa wakichungulia kutoka kwenye boksi la mbao, wakijifunza somo hilo hilo. Sikununua.

Hapa Uganda wengi wetu hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi, na ndiyo maana neno "mkali" limekuwa sifa ya sokoni. Mbwa wa ulinzi aliyetulia hubweka mgeni anapofika langoni, humtazama mwenye nyumba kuona atasema nini, na akiambiwa basi, huacha. Mbwa mwoga hana breki hiyo: humng'ata mtoto wa jirani aliyefuata mpira, humng'ata muuza maziwa wa kila siku, na hatimaye humgeukia mtu wa humo humo nyumbani. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuzalisha, hata kama ni uzao mmoja tu, na wa anayekwenda kununua, kwa kuwa makosa mengi ambayo mbwa mzima hulaumiwa kwayo huwa yamekwisha kufanywa na binadamu kabla mbwa huyo hajatimiza miezi 4.

Jifunze kwanza kuusoma ukali

Ni nadra mbwa kung'ata bila kutoa taarifa. Sisi ndio tusioisoma. Hugeuza uso pembeni, hujilamba pua ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho huonekana, kisha mwili mzima hukakamaa na kutulia tuli. Kukakamaa huko ndiko kunakopaswa kukushtua kuliko kubweka. Baada yake huja mngurumo, kuonyesha meno, kung'ata hewa, na mwisho kabisa ndipo huja jino lenyewe. Hata mkia unaotikisika si dalili ya urafiki siku zote, kwani mkia uliosimama wima na kukaza, unaotikisika kwa haraka, ni wa mbwa aliyepandwa na hasira au hofu.

Anayempiga mbwa kwa sababu amenguruma humfundisha kuiruka hatua ya kunguruma, na siku nyingine atang'ata kimya kimya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 kuhusu wafugaji 140, walikuta kwamba kati ya waliowahi kuwapiga mbwa wao ngumi au teke, asilimia 43 walijibiwa kwa ukali. Sababu za ukali ziko nyingi: hofu, kulinda chakula, kulinda boma, uchungu wa jike kwa watoto wake, na maumivu. Mbwa aliyekuwa mpole kwa miaka mingi, kisha akaanza kung'ata akiguswa, apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya jambo lingine lolote, maana huenda ana sikio bovu, jino au nyonga inayouma.

Kuchagua wazazi

Watu hupenda kuuliza ni aina gani ya mbwa iliyo kali: Rottweiler, Boerboel au German Shepherd. Swali hilo lina manufaa madogo kuliko wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2022, uliokusanya habari za mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kwamba aina ya mbwa hueleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Usielewe kwamba tabia hairithiwi. Huko Siberia, kuanzia mwaka 1959, mwanasayansi Dmitri Belyaev alizalisha mbweha kwa kuchagua kila kizazi wale waliomwogopa mtu kidogo kuliko wenzao, na baada ya vizazi vichache tu akapata mbweha waliotikisa mkia na kutafuta kubembelezwa. Kundi jingine, lililozalishwa kwa kuchagua wakali, likazidi kuwa kali. Kwa hiyo dume na jike waliosimama mbele yako watakueleza mengi kuliko jina la aina yao, na mtu anayempandisha jike mwoga kila msimu kwa sababu "anabweka sana" anafanya kazi ya Belyaev kwa upande mbaya.

Wapime wazazi hivi. Mgeni asiyejulikana na mbwa aingie langoni mwenye nyumba akiwapo: mbwa mzuri atabweka, kisha akikaribishwa mgeni atamnusa na kuendelea na shughuli zake. Angusha mfuniko wa sufuria kwenye sakafu ya saruji, hatua kadhaa kutoka alipo mbwa. Kila mbwa atashtuka; mtulivu atarudi kuunusa mfuniko huo baada ya muda mfupi, ila mwoga atabaki amejificha au atamrukia aliye karibu. Tazama jinsi anavyokubali kushikwa masikio, miguu na mdomo na mtu wake. Kisha uliza kama amewahi kumng'ata mtu, na usimwulize muuzaji peke yake. Waulize majirani, na ikiwezekana mwenyekiti wa LC 1, yaani baraza la kijiji au mtaa, kwa sababu kesi za kung'atwa hufika kwake kabla hazijafika kwingine kokote. Mbwa aliyemng'ata mtu bila sababu inayoeleweka asipandishwe kamwe, hata awe na mwili mzuri na karatasi za ukoo.

Jike asipandishwe anapoingia joto mara ya kwanza. Subiri afikishe takribani miaka 2, kwani ndipo tabia yake ya utu uzima inapokuwa imejitokeza, na ndio umri ambao picha ya eksirei ya nyonga huweza kutegemewa. German Shepherd na Rottweiler husumbuliwa sana na ulemavu wa nyonga wa kurithi, na mbwa mwenye maumivu ya kudumu huwa mwepesi wa kung'ata. Kabla ya kupandisha, daktari awakague wote wawili kama wana uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kujamiiana pamoja na brusela, ugonjwa wa bakteria unaoharibu mimba. Usimpandishe dada kwa kaka wala baba kwa binti, ambapo mgawo wa damu ya undugu katika watoto, yaani sehemu ya urithi iliyo nakala moja kutoka kwa baba na mama, hufikia asilimia 25. Na kwa kuwa dume mmoja mwenye sifa huweza kuzalisha mtaa mzima, andika jina la dume katika daftari na ulitaje kwa kila mnunuzi.

Wiki ya 3 hadi ya 14

Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na jike anahitaji mahali pakavu, penye utulivu, bila mnyororo na bila watoto wa mtaa wanaomchokoza. Macho ya vitoto hufunguka yapata wiki 2 baada ya kuzaliwa. Kuanzia wiki ya 3 hufunguka dirisha ambalo hufungwa kati ya wiki ya 12 na ya 14, na ndani ya muda huo mbwa huamua ni vitu gani vya dunia hii ni vya kawaida na vipi ni vya kuogopwa. Kitu asichokiona wakati huo huenda akakiogopa maisha yake yote.

Kwa hiyo waonyeshe watoto wa mbwa maisha ya hapa, kidogo kidogo na kwa furaha: boda boda inayowashwa, dereva mwenye helmeti, mwavuli unaofunguliwa, mwanamke aliyevaa gomesi, lile gauni refu la Kiganda, mzee wa kanzu na mkongojo, wanafunzi wanaokimbia, mbuzi, na mvua kubwa inayopiga mabati. Kila jipya lifuatane na chakula kidogo, na kitoto kikirudi nyuma kisilazimishwe. Wapo wasiopenda kulambwa na mbwa, hasa majirani zetu Waislamu wanaochunga udhu, na haki yao iheshimiwe. Inatosha kitoto kimwone mtu huyo akipita kwa amani, kimsikie akizungumza, na kijifunze kuketi bila kumrukia. Hadi chanjo za awali zikamilike, kipakate mikononi au kibebe kwenye kikapu unapokwenda nacho barabarani, maana ardhi wanapopita mbwa koko huweza kuwa na virusi vya pavo, vinavyoharisha na kuua watoto wa mbwa. Chanjo hizo huanza katika wiki ya 6 hadi ya 8, na ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida katika miezi 3, kisha hurudiwa kwa ratiba ya daktari.

Kitoto kisiondoke kwa mama yake kabla ya wiki 8. Ndugu zake ndio wanaomfundisha kupima nguvu ya jino, kwa sababu akimng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake hulia na mchezo hukatika. Wauzaji wengi huharakisha kuuza wakiwa na wiki 4 au 5 ili kupunguza gharama ya posho (ugali) na mukene (dagaa), na mnunuzi hupata mbwa asiyejua kipimo cha taya zake. Wapo pia wanaomfungia mbwa mchana kutwa kwenye kibanda cha giza, kumlisha pilipili, au kuwaita vijana wamchokoze kwa fimbo ili "achangamke". Pilipili humuumiza tumbo tu. Giza na fimbo ndivyo vinavyomwondolea imani kwa binadamu.

Ikiwa tayari unaye anayeng'ata

Baada ya daktari kuondoa shaka ya maumivu, zuia nafasi ya kung'ata kabla ya kufikiria mafunzo. Kibao cha "Mbwa Kali", ambacho sarufi yake imetushinda wote, hakizuii chochote bila uzio na geti linalofungwa. Mzoeshe kifunga mdomo cha umbo la kikapu, kinachomruhusu kuhema na kunywa maji, kwa kumpa nyama kupitia humo siku nyingi kabla ya kukifunga. Anayelinda bakuli usimnyang'anye; simama mbali, mrushie kipande kitamu kuliko alichonacho, uondoke, na usogee karibu kadiri siku zinavyopita na mwili wake unavyolegea. Kuhasi hupunguza kuzurura na ugomvi wa madume, lakini hakuponyi hofu; hata hivyo mbwa wa namna hii ahasiwe ili asizae.

Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuuliza chanjo ya kichaa cha mbwa. Jiwe jeusi, chumvi na majani havisaidii. Dalili za ugonjwa huo zikishaonekana kwa binadamu, kupona ni karibu muhali. Mbwa aliyeng'ata asiuawe kwa haraka, bali afungiwe salama na kutazamwa siku 10. Akibadilika tabia, akitoa mate mengi au akashindwa kumeza, msimguse, mwiteni daktari wa mifugo wa wilaya.

Ukienda kununua

Usinunue mtoto wa mbwa aliyeshikwa mkononi kando ya barabara, ambaye mama yake huwezi kumwona. Nenda alikozaliwa, saa ambayo jike yuko huru, na umtazame yeye kabla ya watoto. Chagua kitoto kinachokuja kukunusa bila papara, si kile kinachojificha nyuma ya wenzake, hata kama unakionea huruma.

Mbwa niliye naye sasa nilimpata Mukono, kwa mama mmoja mtu mzima. Jike alitoka, akabweka mara tatu, akanusa viatu vyangu, akarudi kulala juani. Mama yule aliniuliza maswali mengi kuliko niliyomwuliza mimi: nani hushinda nyumbani, uzio uko wapi, watoto wana umri gani, nikishindwa nitamrudisha kwake au nitamtupa. Vitoto vilikuwa na wiki 5. "Rudi baada ya wiki tatu, mwanangu," akasema, akakataa hata kupokea malipo ya awali.