Jinsi ya Kujipima Shinikizo la Damu Nyumbani na Kupeleka Kliniki Vipimo Vinavyoaminika

Mgonjwa anafika kituo cha afya akihema kwa sababu amekuja mbio, anakaa kwenye foleni kwa zaidi ya saa moja, na haja ndogo imembana lakini anaogopa kwenda msalani asije akapitwa na zamu yake. Anapoitwa, anaketi kwenye kigoda kisicho na egemeo, mkanda wa mashine unafungwa juu ya mkono wa shati, na wakati hewa inajaa anaulizwa umri wake, dawa anazotumia na mara ya mwisho alipimwa lini. Mashine inaonyesha 152 kwa 94. Kwa namba hiyo moja anaweza kuanzishiwa dawa atakazozimeza kwa miaka mingi, na inawezekana kabisa kwamba anazihitaji. Inawezekana vilevile kwamba hazihitaji, na katika chumba kile hakuna mtu mwenye njia ya kujua.

Sisemi hivyo kuwalaumu wahudumu, ambao wana dakika chache kwa kila mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2024 watu bilioni 1.4 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba ni takribani mmoja kati ya watano tu ambaye lake limedhibitiwa. Mzigo wa namna hiyo hauwezi kubebwa na kliniki peke yake. Sehemu ambayo mtu wa kawaida anaweza kuibeba vizuri, pengine kuliko hata hospitali, ni upimaji, kwa sharti kwamba apime kwa utaratibu na aandike anachokiona.

Jambo la kwanza ni kuacha kungoja dalili. Wengi hujipima siku kichwa kinapouma au moyo unapokwenda mbio, na siku nyingine zote huamini kwamba presha iko sawa. Kwa kawaida shinikizo la juu halimwambii mtu chochote kwa miaka mingi, huku likichakaza mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho. Tena anayejipima akiwa na maumivu au hofu atakuta namba kubwa, kwa sababu maumivu na hofu vyenyewe hupandisha shinikizo.

Kuhusu mashine, chagua ile inayofungwa mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko. Za kifundo cha mkono hupotoka kwa urahisi kila mkono unapokaa juu au chini ya usawa wa moyo, na saa au pete zinazodai kupima presha bila mkanda bado hazijafikia kiwango cha kutegemewa katika kuamua tiba. Inafaa kuelewa kwa nini hata mashine za mkono wa juu hazilingani. Scipione Riva-Rocci alipotangaza mkanda wake wa kujazwa hewa mwaka 1896, mpimaji alipapasa mapigo kwenye kifundo cha mkono. Mwaka 1905 daktari Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha kwamba ukiweka kifaa cha kusikilizia juu ya mshipa unasikia sauti zinapoanza na zinapokoma. Mashine ya nyumbani haisikilizi chochote. Inahisi mtikisiko wa mshipa ndani ya mkanda, kisha inakokotoa namba mbili, ya juu (moyo unaposukuma damu) na ya chini (moyo unapopumzika kati ya mapigo), kwa kanuni ambayo kila mtengenezaji ameitunga na kuifanya siri yake. Kwa hiyo mashine mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana kwa majibu, na njia pekee ya kujua ipi inasema kweli ni kuangalia kama modeli hiyo imewahi kulinganishwa na vipimo vya wataalamu. Ipo orodha ya mtandaoni iitwayo STRIDE BP inayotaja modeli zilizofaulu majaribio hayo. Tafuta jina kamili la modeli, kwa kuwa kampuni moja inaweza kuwa na iliyofaulu na isiyojaribiwa.

Kisha kuna ukubwa wa mkanda, ambao kwa maoni yangu ndiyo kosa linalodharauliwa kuliko yote. Chukua tepu ya fundi cherehani, tafuta katikati ya ncha ya bega na kiwiko, uzungushe hapo bila kubana, halafu linganisha sentimita ulizopata na kipimo kilichochapishwa kwenye mkanda wenyewe. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2023 uliwapima watu kwa mkanda wa saizi ya kawaida: waliostahili mkanda mkubwa walisomeka karibu 5 zaidi kwenye namba ya juu, na waliostahili mkubwa zaidi ya huo walisomeka karibu 20 zaidi. Ishirini ni tofauti ya kutosha kumgeuza mtu mwenye afya kuwa mgonjwa ndani ya dakika moja. Kwa upande mwingine, mkanda mkubwa mno kwenye mkono mwembamba hushusha namba na kumpa mgonjwa amani asiyostahili.

Sasa upimaji wenyewe. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala chai, usivute sigara, usifanye kazi ya kutoa jasho. Nenda msalani. Keti kwenye kiti chenye egemeo, mgongo ukiegemea, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni na miguu bila kupishana, na mkono ukilala juu ya meza kiasi kwamba katikati ya mkanda kuna usawa na moyo. Kama meza ni fupi, weka mto au kitabu kinene chini ya mkono. Mkanda ukae juu ya ngozi tupu, ukingo wake wa chini ukiwa takribani sentimita mbili juu ya kunjo la kiwiko, ukibana kiasi cha kupitisha ncha za vidole viwili. Baada ya hapo tulia dakika tano kamili. Dakika tano bila simu, bila taarifa ya habari na bila kumjibu mtoto anayeita kutoka chumba cha pili ni ndefu kuliko zinavyosikika, na ndizo ambazo karibu kila mtu huzikata. Mashine inapofanya kazi, nyamaza, kwa sababu kuzungumza peke yake kunatosha kupandisha namba.

Mkono hauwezi kuachwa popote. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha matokeo ya kuwapima watu wale wale katika mikao tofauti: mkono ulipolazwa mapajani, namba ya juu iliongezeka kwa karibu 4, na uliponing'inia ubavuni bila kushikiliwa iliongezeka kwa karibu 6.5, ukilinganisha na mkono uliokaa mezani.

Siku ya kwanza pima mikono yote miwili. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Ikirudia kuzidi 10 kwenye namba ya juu, tumia mkono wenye namba kubwa kuanzia siku hiyo na umweleze mhudumu wako, maana wakati mwingine tofauti hiyo ni ishara ya mshipa ulioziba kiasi.

Ratiba inayopendekezwa na miongozo mingi ni siku saba mfululizo: asubuhi vipimo viwili vilivyopishana kwa dakika moja, kabla ya kifungua kinywa na kabla ya kumeza dawa za presha, na jioni vingine viwili. Vya siku ya kwanza huandikwa lakini havihesabiwi, kwa kuwa siku hiyo mtu bado anaizoea mashine. Vinabaki vipimo 24, na wastani wa hivyo ndio jibu lako. Tuseme ukurasa wa Jumanne unasomeka hivi: asubuhi 141 kwa 86, kisha 136 kwa 84, jioni 133 kwa 82, kisha 131 kwa 80. Jumla ya namba za juu ni 541, na ukigawa kwa nne unapata karibu 135. Za chini ni 332, ukigawa kwa nne unapata 83. Mtu aliyepima mara moja tu asubuhi ya siku hiyo angekwenda kliniki na 141, na mwingine aliyepima mara moja tu jioni angekwenda na 133, ilhali wanazungumzia mwili ule ule, siku ile ile.

Andika kile mashine ilichoonyesha, si kile unachokipenda. Nimewahi kufungua daftari ambalo karibu kila mstari ulisomeka 130 kwa 80 au 120 kwa 80, wiki nzima, na mwenyewe alipoulizwa kwa upole alikiri kwamba alikuwa akirudia kupima hadi ipatikane namba nzuri, kisha anaikamilisha iishie na sifuri. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anaogopa kugombezwa. Lakini daftari la namna hiyo humnyima daktari kitu pekee alichokihitaji. Kama mashine yako ina kumbukumbu, nenda nayo pia kliniki ili namba zisomwe moja kwa moja.

Wastani wa nyumbani husomwa kwa mpaka tofauti na ule wa kliniki. Miongozo mingi, ikiwemo ya Ulaya, huhesabu shinikizo kuwa la juu linapofika 140 kwa 90 kliniki, lakini 135 kwa 85 nyumbani, na inatosha namba mojawapo kati ya hizo mbili kuvuka mpaka. Marekani tangu mwaka 2017 hutumia mpaka wa chini zaidi, 130 kwa 80, kwa hiyo usishangae ukikuta madaktari wawili wenye ujuzi wakikuambia maneno tofauti juu ya namba ile ile. Yapo makundi mawili ambayo hayawezi kujulikana bila vipimo vya nje ya kliniki: wale ambao presha yao hupanda mbele ya mhudumu na kutulia wakirudi nyumbani, na wale wanaosomeka vizuri kliniki lakini siku zao zote za kawaida wako juu. Kundi la pili ndilo la kuhofia zaidi, kwa sababu huondoka kila mara wakiwa wamehakikishiwa kuwa ni wazima.

Kuna hali ambazo hazingoji siku saba. Ukikuta 180 au zaidi juu, au 120 au zaidi chini, kaa utulie dakika tano na urudie. Ikibaki hapo na kuna maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, ulimi kuwa mzito, kuchanganyikiwa au kuona giza ghafla, hiyo ni dharura ya kwenda hospitali mara moja. Ikibaki hapo bila dalili yoyote, wasiliana na kliniki siku hiyo hiyo, na usimeze dawa za ziada kwa kukisia, maana kushusha presha kwa kishindo kunaweza kuunyima ubongo damu. Mjamzito ana mipaka yake: 140 kwa 90 ni sababu ya kuonwa na mtaalamu siku hiyo hiyo, na 160 kwa 110 ni dharura hata kama anajisikia vizuri, hasa baada ya wiki 20, kwa hofu ya kifafa cha mimba. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio aulize kwanza, kwa kuwa mashine hizi huweza kukosea kwake.

Siku ya kwenda kliniki, wastani uuandike juu ya ukurasa kwa maandishi makubwa, na mistari yote 28 ibaki chini yake kwa atakayetaka kuikagua. Ongeza orodha ya kila unachomeza, hata vile usivyoviita dawa. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, dawa za kuzibua pua, na baadhi ya vidonge vya uzazi wa mpango huweza kupandisha presha, na si mara moja mgonjwa ameongezewa dawa ya pili ya presha wakati tatizo lilikuwa kidonge cha goti. Kisha uliza maswali matatu tu: shinikizo langu linatakiwa lishuke hadi wapi, nirudi lini, na nifanye nini likishuka mno hadi nahisi kizunguzungu nikisimama. Ukiambiwa upunguze chumvi, lengo la Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pia ile iliyomo tayari ndani ya mkate na vyakula vya viwandani. Chumvi mbadala yenye potasiamu huwasaidia wengi, lakini mwenye ugonjwa wa figo asiiguse kabla ya kuuliza.

Mabadiliko madogo yasikuvunje moyo. Uchambuzi mkubwa wa majaribio ya dawa uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kila punguzo la 5 kwenye namba ya juu hupunguza kwa takribani asilimia 10 hatari ya matukio makubwa ya moyo na mishipa, kama kiharusi na mshtuko wa moyo. Ndiyo maana mkono ulioachwa ukining'inia ni jambo zito: kosa lake peke yake ni kubwa kuliko punguzo hilo, na linaweza kuficha kazi yote ambayo dawa imeifanya.

Baada ya dawa kubadilishwa, rudia wiki ya vipimo kwa muda utakaoelekezwa, kwa kawaida baada ya wiki chache. Presha ikishatulia, huna haja ya kujifunga mkanda kila siku. Wengine huishia kujipima mara kumi kwa siku na wasiwasi wenyewe ukawa ndio unaopandisha namba. Wiki moja ya vipimo kabla ya kila miadi inatosha kwa walio wengi. Walau mara moja kwa mwaka ibebe mashine hadi kliniki, mhudumu akupime kwa yake na wewe ujipime kwa yako katika mkono ule ule, na zikiendelea kupishana kwa zaidi ya 5 hadi 10, anza kwa kubadilisha betri na kukagua mkanda kama unavuja hewa kabla hujafikiria kununua nyingine.