Kukarabati nyumba pamoja: mwongozo kwa vikundi vya askari wastaafu

Andikeni makubaliano kabla hata ya kufagia. Nyumba ni ya nani, kikundi kimepewa kwa miaka mingapi, nani atahamia chumba kipi, na atakayejitoa katikati ya kazi atahesabiwaje saa alizokwisha kufanya. Askari amezoea kuamini kwamba mkubwa ameshapanga. Uraiani hakuna mkubwa, na mwenye nyumba akishaona kuta zinang'aa anaweza kuitaka nyumba yake. Kwa mkataba wa mwaka mmoja pakeni rangi tu, msibadilishe paa. Fedha zitoke kwa saini mbili, risiti zibandikwe daftarini siku hiyohiyo.

Vyeo vibaki getini. Msimamizi awe mtu anayeijua hatua iliyopo, na abadilike hatua ikibadilika: kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, aongoze seremala, kwenye kuta mwashi, hata kama alistaafu akiwa na cheo cha chini kuliko wote. Umeme na gesi mwachieni fundi mwenye leseni. Kikundi kinaweza kuchimba mifereji ya nyaya ukutani na kubeba mizigo, lakini kuunganisha ni kazi yake.

Maji kwanza

Karibu kila kitu kinachooza ndani ya nyumba kuukuu kimeoza kwa maji. Kwa hiyo mpangilio ni paa, mifereji ya paa, kisha kuta, kisha mabomba na nyaya, halafu lipu, sakafu, na rangi mwishoni kabisa. Kikundi kinachoanza na rangi ili watu waone maendeleo kitaipaka mara mbili.

Ukuta wenye madoa upimeni hivi: bandikeni kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50, mzibe kingo zote nne kwa utepe, mkiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukutani, unyevu unatoka ndani ya ukuta: tafuteni bomba linalovuja, mfereji uliopasuka, au udongo uliorundikana nje juu ya usawa wa sakafu. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa watu na wa kupikia, na dawa yake ni kupitisha hewa. Kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta unaonyonya maji ni kuuficha ugonjwa. Baada ya muda chumvi nyeupe itatokeza na lipu itabanduka.

Nyufa ziwekeeni alama ya penseli kwenye ncha zote mbili, na tarehe. Ufa uliopita alama, au unaozidi milimita 5 kwa upana, muiteni mhandisi kabla ya kuuziba. Mabati ya saruji ya zamani yanaweza kuwa na asbesto, madini yenye nyuzi laini zinazodhuru mapafu: msiyakate, msiyatoboe, msiyavunje, barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi zake. Rangi ya miongo mingi inaweza kuwa na madini ya risasi, basi msiipige msasa mkavu. Ilowesheni, kwangueni, kusanyeni mabaki.

Malizeni chumba kimoja

Paa likishaacha kuvuja, chagueni chumba kimoja mkikamilishe hadi kitasa cha mlango. Kitakuwa stoo ya vifaa vya thamani, mahali pa kunywa chai, na mahali tulivu pa mtu aliyezidiwa. Pia mtajifunza makosa yenu kwenye meta chache badala ya nyumba nzima.

Chukueni chumba cha meta 3 kwa 4, kimo meta 2.7. Mzunguko wake ni meta 14, kuta karibu meta 38 za mraba. Ondoeni mlango na dirisha, zinabaki kama 35. Kwa lipu ya milimita 12 yenye saruji 1 kwa mchanga 4, mfuko mmoja wa kilo 50 unafika karibu meta 10 za mraba na hula ndoo 7 za mchanga za lita 20. Nunueni mifuko minne, andaeni ndoo 25 hadi 28. Rangi: lita moja hupaka karibu meta 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, kwa hiyo mikono miwili ni lita 7, bila kuhesabu praima, rangi ya msingi inayotangulia.

Mchanga upimeni kwa chupa ya kioo: mchanga hadi nusu, maji, chumvi kidogo, tikiseni, acheni utulie. Tabaka la matope juu likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, osheni mchanga au tafuteni mwingine, kwani matope huzuia saruji kushika. Ukuta ulowesheni kabla ya kupiga lipu, la sivyo utayanyonya maji ya mchanganyiko na lipu italia kama ngoma tupu ukiigonga. Changanyeni kiasi cha kutumika ndani ya saa moja. Uliokwisha kukaza usiufufue kwa maji. Lipu imwagilieni maji siku 7. Rangi isubiri siku 28, kwa sababu lipu mbichi ina ukali unaoibabua rangi.

Mwili wa askari kazini

Bunduki ya misumari, yaani mashine ya kupigilia misumari: jina lenyewe linatosha kumshtua mtu. Mlio wake, ubao unaoanguka sakafuni, au grenda, mashine ya kukatia na kusagia, inayowashwa nyuma ya mtu vinaweza kumrudisha vitani kwa sekunde moja. Anayetaka kuwasha kifaa atangaze kwanza, asubiri kuitikiwa. Wengi wana masikio yanayovuma, kwa hiyo kubalianeni pia ishara za mkono, na kila mtu avae vizibo vya masikio. Asiyependa kugeuzia mlango mgongo apewe ukuta unaomruhusu kuuona.

Anzeni na saa nne au tano za kazi kwa siku, wawili wawili. Mgongo na magoti ya mtu aliyebeba begi zito miaka kumi hayataki mfuko wa kilo 50 begani, toroli lipo. Ngazi iwekwe kitako chake meta 1 kutoka ukutani kwa kila meta 4 za kimo. Anayetumia dawa za kusinziisha asipande wala asishike grenda. Pombe isiingie getini.

Mtu asipotokea, mwenzake wa jozi ampigie au amfuate siku hiyohiyo, kwa kumjulia hali, si kwa kumhoji. Akizungumzia kufa, asiachwe peke yake, silaha ziondolewe karibu naye, apelekwe hospitali.

Kabla lipu haijafunika

Jiulizeni nani ataishi humo miaka 20 ijayo. Kiti cha magurudumu kinataka mlango wenye nafasi wazi ya angalau sentimita 80, na duara la sentimita 150 la kugeukia chooni. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa meta 1.8, yaani 1 kwa 12. Ukiwa mkali zaidi, wengi hawawezi kujisukuma wenyewe. Vishikio vya bafuni vifungwe kwenye tofali imara au ubao uliotangulia kuwekwa ukutani. Kishikio kilichoshikwa na lipu peke yake hung'oka siku mtu anapoteleza. Sakafu ya bafu iinamie tundu la maji sentimita 2 kwa kila meta.

Wekeni daftari la ujuzi tangu siku ya kwanza: tarehe, kazi, kipimo, saini ya fundi aliyekagua. "Alipiga lipu meta 35 za mraba" mwajiri anaielewa. Jina la kikosi na cheo mara nyingi haelewi. Aliyekuwa mtunza stoo aandikwe kuwa alisimamia manunuzi na akiba ya vifaa, pamoja na orodha yake, na nakala akabidhiwe mwenyewe kila mwisho wa mwezi.