Kulisoma kanisa la kale la Kiingereza: fuata makovu, usidanganywe na matao

Simama mbele ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, pale Dar es Salaam, karibu na Kivukoni. Madirisha yamechongoka kama ya Ulaya ya karne ya 13, lakini ujenzi ulianza 1897. Hata Uingereza kwenyewe, mafundi wa karne ya 19 walikarabati makanisa mengi ya parokia kwa kuiga mitindo ya zamani. Tao peke yake halikupi umri wa jengo.

Chukua tochi na darubini, uzunguke nje kwanza. Altare kwa kawaida iko mashariki, mnara magharibi. Madirisha yatakupa makisio: tao la nusu duara ni la Wanormani, wavamizi kutoka Ufaransa walioiteka Uingereza 1066, jembamba lililochongoka ni la takriban 1190 hadi 1250, nakshi za mawe zinazopindapinda ni za nusu ya kwanza ya karne ya 14, mihimili iliyonyooka mpaka juu huja baadaye. Kisha tazama ukuta wa mnara unaoelekea mashariki. Ukiona alama kama V iliyopinduliwa juu ya paa la sasa, hapo ndipo lilipoishia paa la zamani lenye mteremko mkali.

Ndani, anza na birika la ubatizo, karibu na mlango. Pitisha kidole ukingoni. Jiwe likiwa limemeguka au limetiwa kiraka pande mbili zinazotazamana, palikuwa na vyuma vya kufungia kifuniko. Karne ya 13 viongozi wa kanisa waliagiza mabirika yafungwe kwa kufuli, maji ya baraka yasiibwe kwa ajili ya uchawi. Kwa mtu wa Dar, hilo halihitaji maelezo.

Sogea altareni, ukague ukuta wa kusini. Utakuta kidaka chenye bakuli la jiwe na tundu chini. Wengi hudhani kiliwekewa sanamu. Kumbe maji yaliyooshea kalisi, yaani kikombe cha divai ya misa, na vidole vya padre yalipitia humo hadi ardhini. Kando yake huwa na baraza la jiwe la watu watatu: padre, shemasi na shemasi mdogo. Baraza likiwa chini mno kukalika, sakafu imeinuliwa. Na ukikuta kidaka chenye tundu mbali na altare kuu, ujue hapo palikuwa na altare nyingine.

Penye tao linalotenga altare na waumini, inua macho. Kimlango kidogo kinachofunguka hewani ni mabaki ya ngazi ya kupandia roshani ya msalaba mkubwa. Roshani hizo ziliamriwa kubomolewa 1561, enzi za Malkia Elizabeth I, lakini pazia la mbao, yaani kiambaza kilicho chini yake, liliachwa. Likague: watakatifu waliochorwa mara nyingi wamekwanguliwa nyuso.

Ukuta wenyewe umulike kwa ubavu, tochi ikikaribia kugusa lipu. Mwanga wa mbele huficha kila kitu. Wa ubavu huonyesha mikwaruzo, milango iliyozibwa na pengine kingo za michoro iliyofunikwa kwa chokaa. Usikwangue, wala usipanguse kwa kitambaa chenye maji: rangi hung'oka pamoja na chokaa.

Mabenchi yaache mwisho. Yalienea karne ya 15. Kabla ya hapo wengi walisimama, na wazee wakaegemea baraza la ukutani. Yenye vijilango ni ya baadaye zaidi.