SOMO: Kurenda video ya skrini pana iingie kwenye DVD, sura zisirefuke na sauti isichelewe

Wadau, diski ya kwanza niliyowahi kuchoma ya shughuli ya familia niliacha laptopu inarenda (yaani inageuza video iwe ya DVD) usiku kucha, asubuhi watu wamejaa sebuleni, naweka kwenye deki, bibi anatokea amerefuka kama mlingoti mashavu yameingia ndani. Wote wakacheka kasoro mimi. Tulivyofika kama dakika ya arobaini ndo ikawa balaa zaidi, shangazi anahutubia, mdomo umeshafungwa, sauti bado inakuja. Nilichokosea ni kuiachia programu iamue kila kitu, nikabonyeza "DVD" nikalala. Kuna mambo matatu lazima uyaamue mwenyewe kabla hujarenda: umbo la picha, mwendo wa fremu (picha ngapi kwa sekunde) na bitireti (biti ngapi zinatumika kila sekunde). Menyu na mapambo mengine hata ukikosea diski itacheza tu.

Tuanze na umbo maana hapa ndo wengi wanapotea. Video yako ya simu au kamera ni 1920 kwa 1080, ni 16:9. DVD ya PAL (mfumo wa TV wa kwetu, mwingine ni NTSC wa Marekani) inabeba picha ya pikseli 720 kwa 576 basi, iwe ya TV ya zamani ya 4:3 au ya skrini pana, idadi ni ileile (NTSC ni 720 kwa 480). Sasa picha pana inaingiaje humo? Inaminywa kwa upana, halafu ndani ya faili inawekwa alama inayosema "mimi ni 16:9", deki ikisoma ile alama inaitanua mpaka inakuwa kama 1024 kwa 576. Kwa hiyo ukiifungua kwenye programu isiyojali alama ukaona watu wembamba usishtuke, ndivyo inavyotakiwa kuwa. Tatizo ni pale alama inapokosekana au imeandikwa 4:3, deki haitanui kitu, bibi anabaki mlingoti.

Kuna wanaokwepa hilo kwa kutengeneza 4:3 halafu wanapaka mistari meusi juu na chini. Sura zinakaa sawa kweli, ila umetupa robo ya picha, kwenye mistari 576 picha yenyewe imebaki na 432, halafu kwenye TV ya kisasa unapata fremu nyeusi pande zote nne, picha imekaa katikati kama stempu. Usifanye hivyo. Kwenye programu yako ya kuhariri tafuta chaguo la DVD lililoandikwa 16:9 au widescreen, na project yenyewe iwe 16:9 tangu mwanzo.

Mwendo wa fremu. PAL ni 25 kwa sekunde, NTSC ni 29.97. Simu nyingi zinarekodi kama 30, ukizipeleka PAL kila sekunde fremu tano zinatupwa, kamera ikizungushwa taratibu unaona picha inadunda dunda. Mi siku hizi nikijua deki inasoma zote mbili (nyingi za PAL zinasoma NTSC, kinyume chake ndo shida) video ya simu ya 30 naipeleka NTSC, inateleza vizuri zaidi japo mistari ni michache. Kama kamera yako ina seti ya 25 au 50, rekodia hiyo tangu mwanzo umalize ubishi.

Haya bitireti. Hii ndo inaamua kama itaenea. Diski ya kawaida imeandikwa GB 4.7, kompyuta inakuonyesha 4.37 kwa sababu inahesabu kwa 1024, hujaibiwa. Kwa lugha ya biti hiyo ni kilobiti kama milioni 37.6, mi napiga na 36 ili menyu na ufungaji vipate nafasi. Chukua 36,000,000 gawa kwa sekunde za video yako, toa sauti, kinachobaki ni cha picha. Mfano dakika 90 ni sekunde 5400, unapata kilobiti 6666 kwa sekunde, toa sauti 224 inabaki 6442, naandika 6200 kwa usalama. Saa mbili unapata 5000, toa sauti, naandika 4600. Saa moja hesabu inakupa 10000, hapo usifuate hesabu, kiwango cha DVD kinaruhusu picha isizidi 9800 na kila kitu kwa pamoja 10080, mi naishia 8000 kwa sababu diski ya kuchoma nyumbani ikisomwa na deki yenye lenzi iliyochoka inaanza kukwama kwama ukiibana sana.

Sauti ni AC-3 (aina ya sauti iliyobanwa), hezi 48000, stereo, 192 au 224 inatosha kabisa kwa video ya nyumbani. Video nyingi zina sauti ya 44100 na DVD haiitaki, lazima ibadilishwe. Usiweke PCM (sauti isiyobanwa), inakula 1536 peke yake, kwenye video ya saa mbili hiyo ni karibu theluthi ya diski nzima imeenda kwenye sauti ambayo mjomba hatasikia tofauti yake.

Sasa tunarenda. Mi natumia ffmpeg, programu ya kuandikia kamandi, ni bure na inafanya unachoiambia. Kwa video ya saa mbili, PAL, raundi mbili:

ffmpeg -i sherehe.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 4600k -b:a 224k -ac 2 -pass 1 -y taka.mpg

ffmpeg -i sherehe.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 4600k -b:a 224k -ac 2 -pass 2 sherehe.mpg

Hiyo pal-dvd inakupangia yenyewe MPEG-2, 720 kwa 576, fremu 25, AC-3 na 48000. Hiyo 16:9 ndo ile alama, usiisahau. Raundi ya kwanza inasoma video nzima kujua wapi kuna vurugu na wapi watu wamekaa kimya, ya pili inagawa biti kwa haki, wanaocheza wanapewa nyingi, anayesoma risala anapewa chache. Bitireti ikiwa chini ya 6000 usiruke raundi ya pili, utaona vibokisi kwenye ngoma. Kama unaenda NTSC badilisha tu iwe ntsc-dvd.

Ukishapata mpg bado huna DVD. Deki inataka folda ya VIDEO_TS yenye faili za IFO, BUP na VOB. Kama hupendi kuandika kamandi tumia DVDStyler, nayo ni bure, ukifungua project mpya chagua PAL na 16:9, buruta mpg yako ndani, na uangalie isiirende upya maana imeshakuwa tayari, ukiiacha irende tena unapoteza ubora na masaa. Iambie ikutolee ISO (faili moja lenye diski nzima ndani), fungua ISO kwenye VLC, ruka mpaka dakika za mwisho uangalie midomo na sauti. Hapo tu ndo uchome, kwa spidi ya 4x au 8x, usiende spidi ya juu kabisa, na diski ifungwe ikimaliza, yaani finalize. Kama una DVD-RW ichomee hiyo ya majaribio kwanza, ila deki nyingine za zamani hazizipendi hizo, ikigoma usikate tamaa kabla hujajaribu DVD-R.

Maswali karibuni.

MDAU: Mkuu asante kwa somo. Faili langu ni GB 9, la 4K, dakika 25 tu. Itabidi nitafute zile diski za leya mbili?

JIBU: Hapana mkuu. Ukubwa wa faili la mwanzo sahau kabisa, DVD inajali dakika. Dakika 25 kwa 8000 ni kama GB moja na nusu, diski inabaki nusu tupu na zaidi. Leya mbili ni GB 8.5, zitafute ukiwa na saa mbili na nusu kwenda juu.

MDAU: Mi nina masaa matatu na diski ni za kawaida, haiwezekani kubana?

JIBU: Inawezekana, hesabu inakupa 3333, ukitoa sauti 192 weka picha 3000. Watu wakikaa inavumilika, wakianza kucheza au kamera ikitikisika utaona ukungu na vibokisi. Mi ningegawa diski mbili, kata pale shughuli ilipopumzika yenyewe, au punguza yale ya watu kupanga viti, hakuna atakayeyaulizia.

MDAU: Nilichoma MP4 moja kwa moja kwenye diski, kwa kompyuta inacheza, kwenye deki inaandika haisomeki. Diski mbovu?

JIBU: Diski nzima, umechoma data, hujachoma video. Deki inatafuta VIDEO_TS haioni. Kuna deki zinazosoma faili kama zilivyo ila usimpe mtu diski kwa kutegemea hilo. Kama folda ipo na bado inagoma, angalia kama ulifinalaizi.

MDAU: Kaka kuna vipande rafiki yangu alishika simu wima, vikiingia vinatanuka watu wanakuwa vibonge.

JIBU: Hao wametanuliwa kujaza kioo. Inabidi uache weusi pembeni mwenyewe. Kirende kipande cha wima peke yake, na kwenye ile kamandi ongeza hii kabla ya jina la faili la mwisho, raundi zote mbili:

-vf "scale=228:576,pad=720:576:246:0"

Usishangae 228 ni ndogo, ikitanuliwa na deki inarudi kwenye umbo lake. Kwa kanda za zamani za 4:3 tumia 540 badala ya 228, na 90 badala ya 246. Hizi ni namba za PAL.

MDAU: Nimefuata yote, kwa TV yangu iko safi, kwa mama watu bado warefu. Diski ileile.

JIBU: Hapo ni deki ya mama. Ingia seti zake, sehemu ya umbo la TV, utakuta 4:3 na 16:9. Kama TV ni pana weka 16:9. Kama ni ile ya mgongo weka 4:3 LB, deki yenyewe itaweka mistari meusi. Angalia na rimoti ya TV pia, kuna kitufe cha zoom ambacho watoto wanakibonyeza.

MDAU: Sauti yangu mwanzo sawa, kadri inavyoenda inaachwa nyuma. Nilihariri kwanza kwenye programu ndo nikaleta kwenye ffmpeg.

JIBU: Kadri inavyoenda ndo neno la muhimu ulilosema. Simu hairekodi 30 kamili, inapanda na kushuka kutegemea mwanga, programu nyingine za kuhariri zinadhani ni 30 muda wote. Klipu zigeuze kwanza ziwe na fremu za kudumu, halafu ndo uziingize kuhariri:

ffmpeg -i klipu.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy klipu30.mp4

Ila ikiwa imechelewa kiasi kilekile tangu sekunde ya kwanza mpaka mwisho hiyo ni nyingine, isogeze tu kwenye taimlaini. Tafuta mtu anapiga kofi, linganisha viganja vinapokutana na mlio.

MDAU: Na kama muziki unapasua masikio halafu hotuba haisikiki?

JIBU: Ongeza -af loudnorm kwenye raundi ya pili, inasawazisha. Haitafanya muujiza kama maiki ilikuwa mbali, hiyo hotuba utabaki kuikisia tu.