Kuchanganya samaki kwenye tangi moja bila kuuana, kwa sisi wa Kigoma

Kila mgeni akikaa sebuleni kwangu hapa Mwanga lazima aulize, hivi hawa hawagombani? Wanagombana sana tu, kila siku. Ila hawauani, na kufika hapo kumenigharimu samaki wengi kwahiyo ngoja niwaandikie vizuri ili nyie msipite nilikopita.

Kosa langu la kwanza nilichagua kwa rangi. Nilibeba goldfish wanne toka Dar kwenye treni, siku mbili nimekumbatia ndoo kama mtoto mchanga, wakafika wazima kabisa. Nikawatia na Tropheus wa ziwani, nikaona rangi zimependeza mno nikapiga na picha. Asubuhi hakuna goldfish mwenye mkia. Ukiangalia vizuri hao watu hawakuwa na chochote cha kufanana, goldfish anapenda maji ya baridi na anatembea taratibu kama bibi harusi, Tropheus katoka kwenye mawe ya Tanganyika ambako ukizubaa umenyang'anywa eneo.

Kwahiyo anza na maji. Maji ya Ziwa Tanganyika ni magumu, yana chumvichumvi za madini, na pH yake (kipimo cha asidi, chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 si asidi) inacheza 8.6 mpaka 9, joto nyuzi 24 hadi 27 hivi. Neon tetra na angelfish asili yao ni mito ya Amazon, maji laini yenye asidi, sasa ukiwaweka na siklidi wetu (jamii ya kina Tropheus), mmoja lazima ateseke. Gapi (guppy, vile visamaki vidogo vya mapambo) wao maji magumu wanayaweza, ila hapa watakuwa chakula. Mi ushauri wangu kama uko Kigoma jenga tangi la samaki wa Tanganyika watupu, ziwa lenyewe tu lina siklidi zaidi ya aina 200 na karibu zote hazipatikani ziwa lingine duniani, sasa unahangaika na goldfish wa nini?

Jambo la pili ndo lenyewe: kila samaki ana mtaa wake. Kuna wa kwenye mawe, kuna wa mchangani, kuna wanaoelea juu. Ukijaza wa mtaa mmoja watatwangana mpaka abaki mmoja, ukigawa mitaa kila mtu anakaa kwake.

Tangi langu ni la urefu sentimita 120, upana 40, kimo 40, yaani kama lita 190. Fundi vioo alinitengenezea, ila silikoni hakikisha sio ile yenye dawa ya kuzuia ukungu, ile ni sumu kwa samaki. Na meza iwe ya maana maana maji peke yake ni kilo 190, bado mawe na mchanga. Mawe yapange kwanza chini kabisa kwenye kioo (weka kitu laini katikati) ndo umwage mchanga, ukiweka mawe juu ya mchanga samaki watachimba chini yake rundo litawaangukia au litapasua kioo. Upande mmoja nimepanga mawe mpaka karibu na juu, upande wa pili mchanga mtupu na magamba matupu ya konokono. Jiwe ukilidondoshea siki likatoa povu lina chokaa, na chokaa inafanya maji yawe magumu, kwa tangi hili hiyo ni faida.

Wakazi wenyewe sasa. Juu nina Cyprichromis kumi na mbili, hao wapole, wanaogelea kwa kundi, ukiweka watatu wanne wanakuwa waoga hawali. Wanaruka balaa kwahiyo mfuniko ni lazima, mmoja nilimuokota chini ya kochi amekauka kama dagaa. Kwenye mawe kuna Julidochromis wawili, dume na jike waliochaguana wenyewe, na hao wakishaoana usiwapangue mawe ovyo, ukivuruga nyumba wanaweza kugeukiana mpaka mmoja afe. Halafu Altolamprologus watatu, wembamba kama wamebanwa na mlango, hawa wanajipenyeza kwenye nyufa na kula vitoto vya wenzao, ukatili kidogo lakini bila wao tangi lingejaa.

Mchangani ndo burudani yangu. Kuna kasamaki kanaitwa ocellatus, dume halizidi urefu wa kidole, kanaishi ndani ya gamba la konokono. Nilivyoweka gamba tu juu ya mchanga kakalizunguka mara mbili, kakaanza kuchota mchanga kwa mdomo chini ya gamba na kwenda kuutema pembeni, anachota anatema, gamba likawa linazama taratibu, jioni limebaki tundu tu juu. Niliingiza mkono kusogeza jiwe kakaja kunigonga kidole! Weka dume moja na majike matatu, na magamba yawe mengi kuliko samaki. Magamba matupu yanaokotwa fukweni lakini hifadhini Gombe usichukue kitu, na samaki wenyewe usijivulie tu, nenda kamuulize afisa uvuvi habari ya kibali kwanza.

Wa kuwakwepa kwenye tangi la namna hii: Frontosa, yule wa Kigoma mwenye mistari ni mzuri hatari lakini anafika sentimita 30 na huko ziwani anawinda hao hao Cyprichromis wakiwa wamelala, kwahiyo ukiwaweka pamoja umempelekea chakula mezani. Brichardi nao, kaka wakubwa wanasaidia kulinda wadogo zao, familia nzuri kabisa, ila wakizaliana wanateka tangi zima. Na kuna gogogo mmoja wa madoadoa, Synodontis multipunctatus, anapenyeza mayai yake kwenye mayai ya siklidi anayeatamia mdomoni, mama anayabeba yote bila kujua na vitoto vya gogogo vinatangulia kuanguliwa vinakula vya mwenye mdomo. Ukitaka siklidi wako wazaliane muache huko huko.

Tropheus wanataka tangi lao peke yao na kundi kubwa, kuanzia 12 au 15, uwatie siku moja wote, ili ugomvi usambae asionewe mmoja. Hao ni wala mwani wa kwenye mawe, utumbo wao mrefu. Mi niliwapa nyama nikidhani nawapendelea, wakavimba matumbo, kinyesi cheupe kama uzi, wiki mbili wameisha. Wape chakula cha spirulina (aina ya mwani), mchicha uliochemshwa kidogo, basi.

Sasa usikimbilie kutia samaki. Washa filta tangi likae wiki nne mpaka sita, ukidondosha chembe za chakula humo, bakteria wazaliane wa kugeuza amonia, ile sumu inayotoka kwenye kinyesi na chakula kilichooza. Kwetu hili ni kubwa kuliko kwa wenzetu kwasababu pH ikiwa juu amonia hiyo hiyo inakuwa sumu kali zaidi. Ukianza kutia, wapole watangulie, wababe kama Julidochromis waje mwisho, la sivyo watakuta tangi tupu watajimilikisha lote. Mgeni yeyote akae karantini wiki mbili kwenye chombo chake. Maji badilisha robo kila wiki, ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke. Chakula kiishe ndani ya dakika mbili.

Hita mimi hapa Kigoma siwashi, joto linatosha. Ndugu zangu wa Tabora nyie mko juu, usiku wa Juni na Julai kunapoa, nunueni hita.

Umeme ukikatika usiwalishe kabisa, chota maji kwa kikombe uyamwage toka juu mara nyingi hewa iingie, au uwe na pampu ndogo ya betri. Umeme ukikaa masaa mengi bila kurudi, fungua filta uisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha, maana uchafu uliooza humo ukirudi ghafla unaua.

Na ukichoka nao, jamani, gapi wala goldfish usiwamwage ziwani. Mpe jirani, hata mimi niletee.